Bei imefungwa, kazi imeachwa wazi: nani analipa mabadiliko kwenye shantie za Uvira?

Uvira. Wiki hii siandiki habari ya risasi wala ya bei ya ndagala. Naandika juu ya neno moja ambalo kila fundi wa mji huu analijua vizuri: forfe.

Forfe ni bei moja kwa kazi nzima. Choo, darasa, ukuta, chumba cha kupangisha: mnakubaliana kiasi, mnatia sahihi, kazi inaanza. Neno lenyewe halina ubaya. Mama anayejenga chumba kule Kimanga anaipenda forfe kwa sababu anajua pesa yake itaishia wapi. Shirika linaipenda kwa sababu mfadhili wa Bruxelles au Geneva anataka kuona namba moja kwenye mstari mmoja. Fundi anaikubali kwa sababu akiikataa kuna wengine watano wanaongoja nyuma ya mlango.

Ubaya unaanza siku ya nne au ya tano, mashimo yakiwa yameshachimbwa. Gari jeupe linasimama, mtu anashuka na karatasi mkononi. "Fundi, hapa tusogeze kidogo." "Fundi, milango tuweke ya bati." "Fundi, ongeza na sehemu ya kunawia mikono, si kitu kikubwa." Fundi anauliza: na bei? Jibu linakuja kabla hajamaliza swali: "Lakini si tulikubaliana forfe?"

Nasema bila kuzunguka: bei iliyofungwa pamoja na kazi iliyoachwa wazi si mkataba. Ni mtego. Na anayenaswa si yule aliyetia sahihi bironi. Ni kijana anayebeba mchanga kichwani, na ni familia inayongoja choo hicho.

Tupige hesabu. Namba ni za mfano, nimeziweka mimi, lakini fundi yeyote wa Mulongwe au Kasenga ataitambua sura yake. Tuseme vyoo vya milango 10 kwa forfe ya dola 5000. Vifaa vinakula 3400, usafiri 300. Wafanyakazi 10 kwa siku 20, kila mmoja dola 5 kwa siku, hiyo ni 1000. Anayeongoza kazi anabaki na 300, humo ndimo faida yake na akiba yake kama toroli likivunjika. Sasa mabadiliko yanaingia. Kuinua sakafu kwa sababu maji ya ziwa yalifika pale: 380. Milango ya bati badala ya shitingi, dola 12 kila mlango: 120. Sehemu mbili za kunawia: 90. Mashimo matatu yaliyokwisha kuchimbwa yanafukiwa na kuchimbwa upya mita 15 mbele: 120. Jumla 710.

Hakuna hata badiliko moja la kipumbavu hapo. Sakafu ilistahili kuinuliwa. Mama anayekwenda chooni usiku anastahili mlango wa bati wenye komeo. Lakini hizo 710 zinatoka wapi? Tatu mia za kwanza zinatoka kwa anayeongoza kazi. Nne mia na kumi zilizobaki zinatoka kwenye ule mfuko wa wafanyakazi, ambao sasa una 590. Kila mtu aliyeahidiwa dola 100 anarudi nyumbani na 59. Amefanya kazi zaidi ya ile aliyoahidiwa, na amelipwa pungufu. Mwisho wa mwezi anaambiwa: vumilia, ilikuwa forfe.

Na watu hao ni akina nani? Nendeni mkaangalie asubuhi, saa kumi na mbili, wanapochagua vibarua. Wengi ni wahami. Wapo waliokimbia kutoka Bukavu, Kamanyola, Luvungi na Sange katika vita vya 2025, wapo waliovuka Ruzizi kuingia Burundi na kurudi, wapo waliopoteza nyumba kwa maji kabla hata vita haijafika. Kwa hiyo pesa ya msaada imetumwa kwa jina la mhami, kisha badiliko lisiloandikwa linalipwa kwa jasho la mhami huyohuyo. Mtu anachangia msaada wake mwenyewe bila kuulizwa. Ripoti itaandika kwamba vyoo 10 vilikamilika "kwa bajeti iliyopangwa". Ni kweli. Bajeti haikuvuka, watu ndio waliovuka siku bila kula.

Si mshahara tu unaoliwa. Anayeongoza kazi, akiona hasara inakuja, hutafuta pa kuifidia, na mahali pa kwanza ni pale pasipoonekana. Mfuko mmoja wa simenti unakutanishwa na matoroli ya mchanga zaidi ya kiasi chake. Shimo la mita tatu linaishia mbili. Nondo za sakafu zinaachana kama meno ya mzee. Bomba la hewa linasahaulika. Siku ya kukabidhi, rangi inang'aa, picha zinapigwa, watoto wanaimba. Mvua ya kwanza kubwa ikishuka kutoka milimani, sakafu inapasuka na shimo linafurika. Katika mji mwingine hiyo ingekuwa harufu mbaya tu. Hapa Uvira, ambako kipindupindu hakijawahi kutuaga kabisa, ni jambo la uhai na kifo. Kipimo cha Sphere ambacho mashirika yenyewe yanakitumia kinasema watu wasizidi 20 kwa choo kimoja. Milango 10 ni ya watu 200. Miwili ikiharibika, au ikigeuzwa kuwa stoo ya sabuni kwa sababu mtu amebadili wazo, watu 25 wanagawana mlango mmoja. Wahesabiwe hao pia katika gharama ya badiliko.

Nimeshasikia watu wa biro wakijitetea: "Uvira si Ulaya, hapa mambo hubadilika, huwezi kupanga kila kitu." Ndiyo, nani asiyejua? Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 Mulongwe ilitoka njiani mwake, ikabeba nyumba na watu, makumi wakafa na maelfu wakabaki nje. Mitambo ya maji ya Regideso iliharibika, wakati kazi kubwa ya kuboresha maji ya mji, kwa pesa za Wafaransa, Umoja wa Ulaya na Fondation Veolia, ilikuwa mikononi. Mwaka 2021 ziwa likapanda, na 2024 likapanda tena, likaingia majumbani na kwenye bandari ya Kalundu. Mto na ziwa havisomi mkataba. Mpango uliochorwa wakati wa kiangazi unaweza kuwa haufai tena ifikapo Aprili.

Lakini tutenganishe vitu. Kuna badiliko la mto: ardhi imeliwa, lazima kusogea. Kuna badiliko la mchoro: aliyechora hakufika kwenye uwanja, akaweka choo juu ya mwamba. Na kuna badiliko la roho ya mwenye kazi: ameona kitu kizuri kwenye shantie ya mwenzake. Yote matatu yanatupwa kwenye mfuko mmoja na kufungwa kwa kamba ya forfe. Mimi nauliza, kwa mantiki gani fundi abebe hasara ya mwamba ambao hakuuchora? Mwenye kazi ndiye aliyechagua kiwanja, ndiye mwenye wataalamu na gari la kwenda kupima. Fundi ana mwiko na kamba. Hatari ya mto ibebwe na yule aliye na uwezo wa kuiona na pesa ya kuipokea. Kosa la mchoro limrudie aliyechora. Tamaa ilipwe na mwenye tamaa. Fundi naye asilipwe senti hata moja kwa ukuta alioujenga umepinda, huo ni wake, aubomoe na kuujenga tena kwa gharama yake. Hapo hatubishani.

Sheria tunayo, tena ya zamani. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo bado ndiyo kitabu cha mikataba cha nchi yetu, kifungu chake cha 33 kinafanya makubaliano halali kuwa sheria kwa waliokubaliana. Sheria kwa wote wawili, si kwa anayeshika kalamu peke yake. Wafaransa nao, tangu Kanuni yao ya kiraia ya 1804, kifungu cha 1793, waliweka wazi habari ya forfe ya jengo lenye mchoro uliokubaliwa: mjenzi hawezi kudai nyongeza, hata bei za vifaa au za kazi zikipanda, hata mchoro ukiongezewa kitu, isipokuwa kama badiliko liliruhusiwa kwa maandishi na bei yake ikakubaliwa na mwenye kazi. Wengine wanasoma hapo wanaona fimbo ya kumpiga fundi. Mimi naona mlango. Maana yake ni kwamba badiliko lina karatasi yake na lina bei yake, na bila hivyo viwili fundi ana haki ya kukunja mikono. Asifanye kwanza akadai baadaye. Atashindwa.

Na kazi za serikali zina sheria yake, namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010. Humo neno avena linajulikana vizuri: karatasi inayobadili mkataba na kusainiwa na pande zote. Kwa nini basi mafundi wetu hawaioni? Kwa sababu kazi inateremka ngazi. Shirika au serikali inatia sahihi na kampuni. Kampuni inampa tasheron kwa forfe ndogo zaidi. Tasheron anampa fundi kwa forfe ndogo zaidi tena. Fundi anawapa wasaidizi wake neno la mdomo. Avena ikitoka juu, inasimama ngazi ya kwanza au ya pili. Agizo la kubadili linafika chini siku hiyohiyo, pesa ya badiliko inabaki juu. Hilo ndilo linaloudhi kuliko yote, kwa sababu mwenye kazi analala akiamini amelipa, na kweli amelipa, ila hakuuliza imefika wapi.

Msidhani ni ugonjwa wa maskini. Wenye pesa nao umewakuta. Kule Sydney, Australia, walianza kujenga jumba lao la opera mwaka 1959 kabla michoro haijakamilika, kwa sababu serikali ilikuwa na haraka. Lilihesabiwa dola milioni 7 za kwao. Katikati ya safari wenye kazi wakabadili wazo juu ya ukumbi mkubwa: uliopangwa kuwa wa opera na muziki pamoja ukawa wa muziki tu, opera ikahamishiwa ukumbi mdogo, na mitambo ya jukwaa iliyokwisha kuwekwa ikang'olewa. Mchoraji wake, Jørn Utzon, alikuwa ameshaondoka 1966 akigombana na serikali. Jumba likafunguliwa 1973, miaka kumi baada ya tarehe yake, kwa milioni 102. Leo dunia nzima inalipiga picha. Lakini angalieni nani alilipa badiliko: waliobadili, kwa bahati nasibu waliyoiendesha wenyewe na hazina ya jimbo lao. Hawakumgeukia mbeba zege wakamwambia ni forfe.

Watu wa kompyuta pia waliteseka na jambo hili, na dawa yao inatuhusu kwa sababu imeshafika hapa, ila imefika nusu. Mwezi wa Februari 2001, watengeneza programu 17 walikutana Snowbird, katika milima ya Utah, Marekani. Walikuwa wamechoka na mikataba minene ambayo mwisho wake mteja anapata kitu alichoandika, si kitu anachohitaji. Wakatoa tamko, na njia hiyo ikaitwa ajaili. Kiini chake ni rahisi: fanya kazi kwa vipande vifupi, baada ya kila kipande mwonyeshe mteja, sikiliza, rekebisha kile kinachofuata. Badiliko lipokelewe, lisiogopwe.

Sasa neno hilo limepita kwenye semina za mahoteli na limefika kwenye shantie zetu. Unamsikia mtu wa mradi anasema "sisi tunafanya kazi kwa ajaili," akimaanisha kwamba yeye anaruhusiwa kubadili mawazo kila Jumatatu na wewe unaruhusiwa kunyamaza. Amechukua uhuru wa ajaili akauunganisha na bei ya forfe. Ni sawa na mtu anayepanda pikipiki kwa bei ya kwenda Kavimvira, kisha akifika anamwambia dereva twende Sange kwa pesa ileile, kwa sababu safari ni safari.

Wenyewe walioanzisha hawakusema hivyo. Jeff Sutherland, mmoja wa wale 17, alifundisha kanuni nzuri kwa kazi za bei moja: mteja anaweza kuingiza kitu kipya bure, kwa sharti kwamba anatoa kitu kingine cha uzito uleule ambacho bado hakijaanzwa. Unaingiza kimoja, unatoa kimoja. Kama hutaki kutoa chochote, unaongeza pesa na siku. Hiyo mama yangu sokoni anaielewa bila semina: ukitaka nyanya zaidi kwa pesa ileile, rudisha vitunguu.

Twende nayo kwenye vyoo vyetu. Mwenye kazi anataka sehemu mbili za kunawia za dola 90? Vizuri. Kwenye devi kulikuwa na uzio wa shitingi na bango la rangi lenye nembo za wafadhili, havijaguswa bado. Atoe hivyo vya 90. (Najua, bango la nembo halitoki kamwe. Hapo ndipo tutajua nini kina uzito kwao.) Anataka milango ya bati? Aonyeshe kinachotoka, au alete 120. Mazungumzo ya dakika kumi, mstari mmoja wa maandishi, na mshahara wa kijana hauguswi.

Lakini faida kubwa ya vipande iko kwingine, nayo inawahusu ninyi familia mnaokaa kwenye kambi na shule na makanisa. Leo mnashirikishwa mwisho. Vyoo 10 vimekwisha, ndipo mnaitwa kikao, akina mama wanasema mlango unatazama barabara, wazee wanasema ngazi ni ndefu, na mlemavu hakuitwa kabisa. Kubadili wakati huo ni kubomoa. Kama wangejenga milango miwili kwanza, ikatumika kwa wiki moja, mkasema yenu, ile minane iliyobaki ingegeuzwa upande mwingine bila gharama yoyote. Shimo ambalo halijachimbwa linasogezwa bure. Badiliko linalokuja mapema ni maneno tu. Likichelewa ni simenti, na simenti ni pesa ya mtu. Kwa hiyo shirika linalodai kuwa na haraka mno haliwezi kujenga miwili kwanza, lenyewe ndilo linaloanda mabadiliko ya gharama ya wiki ya tatu.

Najua majibu yatakayokuja, na mengine yana ukweli. La kwanza: makampuni nayo ni wajanja. Yanaweka bei ya chini kabisa ili kushinda tenda, yakijua kwamba yatajazia kwa avena. Ni kweli, na wapo wanaoishi kwa mtindo huo. Lakini dawa yake si kukataa avena zote. Dawa yake ni kusoma devi kabla ya kuichagua. Ukipokea bei ambayo hata vifaa peke yake haivilipi, na wewe una injenia anayejua bei ya simenti, hukudanganywa. Ulichagua kudanganywa kwa sababu namba ilipendeza.

La pili: wakati wa dharura hakuna nafasi ya karatasi. Watu wako kwenye mvua, wewe unaleta habari ya sahihi. Hilo linagusa moyo, na ndiyo maana hutumiwa vibaya. Shirika hilohilo linalosema halina dakika ya kuandika badiliko litakuwa na siku tatu za kuandika ripoti yake. Daftari la kurasa mia moja linauzwa chini ya bei ya chupa ya Primus. Mstari mmoja: tarehe, nani ameomba, nini kimebadilika, nini kinatoka au bei gani inaingia, siku ngapi zinaongezeka. Sahihi mbili. Unapiga picha ukurasa kwa simu, unatuma. Nimeona wauza mafuta wa kando ya barabara wakiandika madeni ya watu arobaini kwa siku huku wakipima lita. Injenia mwenye diploma anashindwa mstari mmoja?

La tatu ndilo gumu: mstari wa mfadhili umefungwa, pesa ya ziada haipo. Sawa. Basi badiliko la ziada nalo halipo, au litoe kitu kingine. Na tangu mwanzo bajeti iweke akiba ya mabadiliko, tuseme sehemu moja ya kumi, iandikwe wazi na isiguswe kwa jambo jingine. Atakayesema mfadhili hakubali akiba, amuulize mfadhili huyo kama anakubali kwamba kibarua mhami ndiye akiba.

Neno kwa ndugu zetu wa ng'ambo, maana mashirika si peke yao. Ninyi mlioko Ottawa, Nairobi, Dallas, mnaojenga nyumba Rombe au Songo kwa WhatsApp. Mnatuma forfe kwa mjomba, mjomba anatafuta fundi, kisha kila Jumapili inakuja sauti ya dakika saba: baraza iwe ya mduara, dirisha liwe kubwa kama la kwenye video niliyoona, ile sebule tuivunje kidogo. Fundi anasikiliza sauti hiyo amesimama juu ya kiunzi. Bei haikutajwa popote. Baadaye ugomvi: mjomba amekula pesa, fundi ni mwizi, familia haisalimiani kwenye msiba. Mara nyingi hakuna aliyeiba. Baraza ya mduara iliiba. Mkitaka kubadili, tumeni ujumbe wa maandishi, mngoje bei, mjibu ndiyo au hapana, ndipo kazi iendelee. Mjomba ataheshimika na ninyi mtalala.

Kwa mafundi na matasheron, hamponi kwenye maandishi haya. Wengi mnaingia kwenye forfe bila kuandika kilichomo. "Vyoo 10, dola 5000" si devi, ni salamu. Andikeni urefu wa shimo, unene wa sakafu, mlango wa kitu gani, nani analeta maji ya kuchanganyia zege. Msichokiandika ndicho watakachowaongezea. Na mwenye kazi akisema "si kitu kikubwa", mwambieni kwa heshima zote: mzee, kama si kitu kikubwa, hata bei yake haitakuwa kubwa, tuiandike. Pesa ya wasaidizi iwekwe kando tangu avansi ya kwanza, kwa mkono mwingine kabisa, ili badiliko likija lisiikute mezani.

Ninachodai kwa mamlaka za mji na kwa mikutano ya mashirika hapa Uvira kinatosha kwenye ubao mmoja. Kila shantie ya pesa ya umma au ya msaada ibandike mchoro wake na orodha ya vilivyomo mahali ambapo mtu anaweza kusoma, kwa Kiswahili. Daftari la mabadiliko likae pale pale kwenye shantie, lisifungiwe bironi, na mjumbe wa kamati ya wahami atie sahihi yake ya tatu. Malipo ya mwisho yasitolewe kwa kampuni mpaka ionyeshe kwamba tasheron na wasaidizi wamelipwa, pamoja na kilichoongezwa. Hakuna sheria mpya inayohitajika kwa hayo. Msimamizi anayedai mihuri minne kwa lita kumi za mafuta ya gari anaweza kudai sahihi tatu kwa choo cha watu 20.

Mvua zinarudi mnamo Septemba na shantie nyingi zinataka kufungwa kabla yake. Ninyi mlio na daftari la mabadiliko, hata lililochakaa, hata lenye mistari mitatu tu, nileteeni kwenye redio au nitumieni picha ya ukurasa. Nitausoma hewani jinsi ulivyo, kiasi kwa kiasi, bila kutaja jina la fundi. Na kama ni la shirika, nitapiga simu kwanza niulize nani alilipa zile laini za mwisho.